Bao Darasani na Hesabu ya Mtaji

Mzazi wa Mlimba akimkuta mwanawe kwenye bao, ilhali shamba la mpunga halijapaliliwa, humwita mvivu. Walimu wengi huafikiana naye. Sisi hatukubaliani nao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika namua hutia kete moja moja kutoka katika akiba hiyo. Ikiisha huingia katika mtaji, naye hutegemea zile tu zilizomo ubaoni. Mfanyabiashara naye hulitumia neno mtaji. Mkulima auzaye mpunga wote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha akanunua mchele kwa bei ya juu, amecheza namua vibaya.

Michezo ya intaneti ichezwayo na watu wengi yaweza pia kufunza mipango na ushirikiano. Lakini bao huchimbwa uani, na kokoto hazinunuliwi.

Tuwagawe wanafunzi watano watano kila upande. Washauriane, lakini mmoja tu atie kete, na zamu ibadilike. Kabla hajagusa kete, aseme ya mwisho itaangukia shimo gani, na kwa nini wenzake wamechagua hivyo. Hapo ndipo somo lilipo. Bila maswali hayo mchezo hubaki mchezo. Wakikosea, mwalimu anyamaze (jambo gumu kwetu sote!) mpaka wapoteze kete, ndipo awaulize walihesabu wapi.