Ugonjwa wa Mtoto wa Jicho: Mambo ya Kupima Kabla ya Kukubali Upasuaji

Mtoto wa jicho ni miongoni mwa sababu kubwa za upofu duniani. Hata hivyo, mtu aliyepoteza nuru kwa sababu ya ugonjwa huu anaweza, kwa kawaida, kurudishiwa nuru hiyo kwa upasuaji wa muda mfupi. Wagonjwa wengi wa hapa Tanzania hukawia kufika hospitali kwa hofu, kwa kutojua gharama au kwa kuuziwa dawa zisizoponya. Wengine hufika, lakini hutia saini fomu ya ridhaa bila kuelewa wanachokinunua. Makala haya yanamsaidia mtumiaji wa huduma kujua ugonjwa ulivyo, kuishi nao kwa usalama anaposubiri, na kuchagua tiba kwa kuuliza maswali yanayofaa.

Ugonjwa wenyewe

Nyuma ya mboni ya jicho kuna lenzi, sehemu angavu inayokusanya mwanga na kuuelekeza kwenye utando wa nyuma ya jicho. Lenzi hiyo ikianza kupata ukungu, mwanga hauwezi kupenya vizuri na mtu huona kama anayetazama kupitia kioo kilichoingia mvuke. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho.

Jina hilo huwafanya watu wengi wadhani kwamba kuna kitu kilichoota juu ya jicho, kinachoweza kukwanguliwa au kuoshwa. Sivyo. Ukungu umo ndani ya lenzi yenyewe. Hakuna matone, majani, asali wala kidonge kilichothibitishwa kuuondoa. Tiba pekee ni kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya bandia mahali pake. Kwa hiyo, yeyote anayetangaza dawa ya "kuyeyusha" mtoto wa jicho anauza ahadi isiyo na msingi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa na huduma, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ndiyo inayosimamia dawa zinazouzwa nchini. Ukiuziwa dawa ya namna hiyo, tunza chupa na risiti, kisha toa taarifa.

Sababu kubwa ya ugonjwa ni umri. Kisukari, uvutaji wa sigara, jeraha la jicho, kukaa juani kwa miaka mingi na matumizi ya muda mrefu ya dawa za kundi la steroidi huuharakisha.

Dalili, na magonjwa ya kutofautisha

Mtoto wa jicho huja polepole na hauumi. Taa za magari usiku hutawanyika na kukera macho, rangi hufifia na kuelekea umanjano, na miwani hubadilishwa mara kwa mara bila nafuu ya kudumu. Baadhi ya wazee hushangaa kwamba wameanza tena kusoma bila miwani. Mabadiliko hayo huweza kuwa dalili ya lenzi inayobadilika, wala si uponyaji.

Si kila ukungu wa macho ni mtoto wa jicho. Presha ya macho huua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, na nuru inayopotea kwa ugonjwa huo hairudi. Kisukari nacho huweza kuharibu utando wa nyuma ya jicho. Ndiyo maana haifai kujiambia kwamba "ni mtoto wa jicho tu" kabla ya kupimwa.

Hali tatu hazingoji miadi ya mbali. Ya kwanza ni nuru kupotea ghafla. Ya pili ni jicho jekundu lenye maumivu makali. Ya tatu ni mtoto mchanga au mdogo mwenye weupe katikati ya mboni. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi na miaka ya mwanzo, hivyo kila mwezi unaopotea una gharama. Weupe huo pia unaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho.

Kuishi na ukungu kabla ya upasuaji

Ukungu ukiwa mdogo, miwani mipya na mwanga wa kutosha huweza kutosha kwa muda. Keti ukiwa umelipa dirisha mgongo, ili mwanga uangukie kitabu au kazi yako badala ya kukuingia machoni. Kofia yenye ukingo hupunguza mng'aro wa jua. Paka rangi nyeupe kwenye kingo za ngazi na kizingiti cha mlango. Mimina chai kwenye kikombe cha rangi nyeupe na pakua wali kwenye sahani ya rangi nzito, kwa kuwa jicho lenye ukungu hushindwa zaidi pale vitu vinapofanana rangi. Kuza maandishi ya simu, na mwombe mtu wa nyumbani aandike kwa herufi kubwa jina la kila dawa unayotumia.

Uendeshaji wa gari, bodaboda au bajaji si jambo la kuvumilia. Anayepofushwa na taa za magari yanayokuja mbele yake aache kuendesha usiku mara moja, na apimwe kabla ya kuendelea hata mchana.

Wakati wa kufanyiwa upasuaji

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wao hao walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa ugonjwa huu, misemo yote miwili ina mahali pake.

Kwa mtu mzima, mtoto wa jicho wa kawaida si dharura. Upasuaji hufaa pale ukungu unapozuia maisha yako: mshonaji asipoweza kutunga uzi, dereva asipoona barabara, mzee anapojikwaa nyumbani kwake. Mtu mwenye ukungu kama huo ambaye kazi zake haziguswi anaweza kusubiri huku akipimwa mara kwa mara.

Lakini ushauri wa zamani wa kusubiri mpaka ugonjwa "uive" umepitwa na wakati. Ulitokana na njia za upasuaji ambazo hazitumiki tena kwa kawaida. Leo lenzi iliyoiva kupita kiasi huwa ngumu kutoa, na wakati mwingine husababisha uvimbe na shinikizo kubwa ndani ya jicho. Kusubiri pia huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika mifupa.

Njia za upasuaji

Katika njia zote, lenzi yenye ukungu hutolewa na lenzi ya bandia huwekwa. Kwa kawaida mtu mzima hufanyiwa akiwa macho, jicho likiwa limetiwa ganzi, na kazi yenyewe mara nyingi haizidi nusu saa. Jicho moja hufanyiwa kwanza, na la pili hufuata baadaye. Tofauti iko katika namna ya kuitoa lenzi.

Njia ya kwanza hutumia mashine ya mawimbi ya sauti. Daktari hupitisha kifaa chembamba kwenye tundu la takriban milimita 2 hadi 3, huivunjavunja lenzi kwa mtetemo na kuifyonza. Wengi huiita upasuaji wa leza, lakini mashine hiyo si leza. Ukitozwa zaidi kwa neno "leza", omba uelezwe hasa ni kifaa gani kitakachotumika.

Njia ya pili hufanywa kwa mkono kupitia chale ya takriban milimita 6 hadi 7, iliyokatwa kwa mshazari ili ijifunge yenyewe, mara nyingi bila nyuzi. Haihitaji mashine ya gharama kubwa na hufaa sana kwa lenzi iliyokomaa na kuwa ngumu. Njia ya tatu, ya zamani zaidi, hutumia chale kubwa inayoshonwa, na bado husaidia katika hali maalumu.

Je, njia ghali ndiyo bora? Utafiti uliofanywa Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulilinganisha mashine na njia ya mkono kwa wagonjwa 108 wenye ukungu uliokomaa. Baada ya miezi sita, katika makundi yote mawili asilimia 98 waliona vizuri, kwa kusaidiwa na miwani pale ilipohitajika. Mashine huacha jeraha dogo zaidi na huweza kupunguza mabadiliko ya umbo la jicho. Hata hivyo, ujuzi wa mpasuaji, usafi wa chumba cha upasuaji na usahihi wa vipimo vina uzito mkubwa kuliko jina la njia.

Lenzi ya bandia

Wazee wengi huhofia upasuaji kwa kukumbuka wenzao waliotoka hospitali na miwani minene na mizito. Wagonjwa hao walitolewa lenzi bila kuwekewa nyingine. Lenzi ya bandia ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, lakini kwa miongo kadhaa bei yake iliwashinda wengi. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianza kutengeneza lenzi za bei nafuu nchini India, na bei zikashuka. Kwa hiyo lenzi ya bei nafuu si lazima iwe duni. Jambo la msingi ni ubora wake na nguvu yake kulingana na vipimo vya jicho lako.

Lenzi inayotumika zaidi ni ya umbali mmoja. Kwa kawaida huchaguliwa ili uone mbali, nawe utahitaji miwani ya kusomea. Ipo lenzi ya umbali zaidi ya mmoja, ambayo hupunguza haja ya miwani. Lenzi hiyo ni ghali zaidi, na baadhi ya watu huona duara za mwanga kuzunguka taa usiku. Haifai kwa urahisi kwa dereva wa usiku, wala kwa mwenye presha ya macho au maradhi ya utando wa nyuma. Ipo pia lenzi ya kurekebisha mpindo wa kioo cha mbele cha jicho. Usilipie lenzi ya gharama ya juu kabla daktari hajakueleza itakufaa kwa nini wewe hasa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Uliza maswali haya ukiwa na ndugu wa kukusaidia kukumbuka majibu:

1. Je, macho yangu yana ugonjwa mwingine utakaopunguza nuru nitakayopata?
2. Nani atakayenipasua, na amesajiliwa wapi? Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo husajili madaktari wa Tanzania Bara.
3. Bei niliyotajiwa inajumuisha vipimo, lenzi, dawa na mahudhurio ya baadaye, au kila kimoja hulipiwa peke yake?
4. Bima yangu inalipia lenzi ya aina gani, na ni kiasi gani nitakachoongeza mwenyewe?
5. Tatizo likitokea usiku au siku ya mapumziko, nimwone nani?

Mzee asiyejiweza asikate tamaa kwa sababu ya gharama. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na upo utaratibu wa msamaha wa ada kwa wazee wasio na uwezo. Aulize katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Kambi za upasuaji wa macho nazo ni msaada mkubwa, ila uliza nani atakayekuona siku inayofuata na wiki zinazofuata, kambi ikishaondoka.

Mweleze daktari kuhusu kisukari, shinikizo la damu na dawa zote unazotumia. Mwanamume anayetumia dawa ya tezi dume, hasa tamsulosini, alitaje jambo hilo bila haya, kwa sababu dawa hiyo hulegeza misuli ya mboni na mpasuaji anahitaji kujiandaa. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.

Baada ya upasuaji

Utapewa matone ya kutumia kwa wiki kadhaa. Nawa mikono kabla ya kuyatia, usisugue jicho, usiliingize maji machafu na usitie chochote ambacho hukuandikiwa. Omba kibandiko cha lenzi, chenye aina na nguvu yake, kibandikwe kwenye kadi yako. Miwani mipya hupimwa jicho likishatulia, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6.

Upasuaji huu ni salama kwa walio wengi, lakini hauna uhakika wa asilimia mia. Maambukizi ndani ya jicho ni nadra, ila yanaweza kuleta upofu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, wekundu ukiongezeka, nuru ikishuka au ukiona vimulimuli na kivuli kama pazia, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya miezi au miaka, nuru inaweza kufifia tena kwa sababu kifuko kinachoshika lenzi kimepata ukungu. Ugonjwa haujarudi, na hapa ndipo leza hutumika kwelikweli. Tundu dogo hufunguliwa katika kifuko hicho kwa dakika chache, bila chale. Usikubali kuambiwa kwamba ni lazima lenzi yako ibadilishwe kabla ya kupata maoni ya daktari mwingine.

Hatua ya kwanza kwa anayeshuku ana ugonjwa huu ni kwenda kwenye kliniki ya macho iliyo karibu, kupimwa nuru ya kila jicho peke yake, presha ya macho na sehemu ya nyuma ya jicho. Majibu ya vipimo hivyo yaandikwe kwenye kadi yako, nawe uyatunze. Ndiyo yatakayokuwezesha kulinganisha ushauri wa hospitali moja na nyingine, na kuamua bila kushurutishwa.