Bibi Alidhani Tumelala

Wengi wenu mlikuwepo jioni ile ya Novemba, kwa hiyo siwezi kupamba. Bibi yangu mzaa mama, amekaa kitini kwake Wete, Pemba, alitamka "Paukwa!" na sisi watu kumi na wanne katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu tukaitika "Pakawa!" kwa sauti iliyowatoa mlangoni watu wa chumba cha pili. Bibi akanyamaza. Akatamka tena. Tukaitika tena, kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu akamgeukia binamu yangu aliyemshikia simu, akasema, "Watoto hawa wamelala. Au hawakufunzwa kuitikia." Hilo tulilisikia sote, tena bila kukatika hata silabi moja.

Hadithi aliikatisha kabla ya nusu. Akatuaga kwa adabu ile ambayo anayemjua bibi hutambua kuwa ameudhika. Mama yangu naye hakunisemesha vizuri wiki nzima: mtu mzima kakaa macho baada ya Isha, kavaa kanga mpya, halafu wajukuu wa Ulaya wanamtazama kama sanamu.

Sisi tuliitika. Nilitaka kujua sauti zetu zilipotelea wapi.

Chumba chenyewe si chetu, tunaazimwa kila Alhamisi ya pili. Kilitengenezwa kwa mikutano ya kazi. Ukutani pana skrini kubwa, na chini yake kifaa kirefu chembamba mfano wa rula nene, ambacho ndani yake mna kamera, spika na maikrofoni kadhaa. Mezani kuna kioo kidogo cha kugusa. Hakuna kompyuta ya kuunganisha wala waya wa kutafuta. Unagusa mara moja, umeingia. Kwa hilo nakisifu. Mwaka jana tulikuwa tunajibana watu sita mbele ya kompyuta moja ya mkononi, na aliyekaa pembeni alionekana sikio tu.

Kamera yake humfuata anayesema. Akisema mmoja, inapendeza: inamkaribia taratibu kama mpiga picha wa harusi. Tukiitika pamoja huchanganyikiwa. Ilienda kushoto, ikarudi kulia, mwishowe ikamganda Mwalimu wetu akimimina chai, ikabaki hapo dakika nzima. (Mwalimu, samahani, lakini mashahidi wapo.) Na yale maandishi ya papo kwa papo chini ya skrini, ambayo mtu aliyawasha kwa Kiingereza bila kukusudia, yaliisikia "shikamoo" yetu yakaandika habari za kuku. Haya yote tuliyacheka.

Suala la sauti halikuchekesha. Fundi wa chuo alikuja wiki iliyofuata, akakaa nasi nusu saa, akatueleza kwa subira ambayo sikuitarajia. Spika inapotoa sauti ya bibi, maikrofoni za chumbani nazo huisikia. Zikiirudisha Pemba, bibi atajisikia mwenyewe kwa mwangwi, kama anayesemea kisimani. Kwa hiyo kifaa hupiga hesabu ya sauti inayotoka kwenye spika na kuiondoa kabla ya kupeleka chochote. Pande mbili zikisema kwa wakati mmoja hesabu hiyo huwa ngumu, na mara nyingi upande mmoja hupunguzwa au hukatwa kabisa. Bibi huivuta ile "Paukwaaa" yake, nasi, kama tulivyolelewa, humdaka kabla hajaimaliza. Basi tulikatwa.

Juu ya hilo kuna kichujio cha kelele. Kazi yake ni kutenganisha sauti ya mtu anayezungumza na kila kisicho mazungumzo: feni, mlango, mtu anayetafuna. Sauti ya kuzungumza hupanda na kushuka na kukatika. Mngurumo wa feni huendelea vilevile. Sasa mwimbe mtu, avute irabu moja kwa pumzi nzima, na mashine inaweza kumweka kundi moja na feni. Ndiyo maana bibi alipofika kwenye wimbo wa ndani ya hadithi, sisi tuliona midomo yake ikicheza na kusikia vipande vipande. Nilidhani ni mtandao wa Pemba. Nikiri kwamba hilo ndilo la kwanza kunijia: kosa lazima liwe kule, haliwezi kuwa kwenye chumba chetu cha maelfu ya pauni.

Mtandao haukosi lawama, ila ni ndogo kuliko nilivyofikiri. Mama anakumbuka simu zilizopitia satelaiti, iliyo juu kiasi cha kilomita 36,000, ambapo neno lilichukua karibu robo sekunde kupanda na kushuka, na watu wakagongana kila sentensi. Tangu mikongo ya baharini ifike pwani yetu, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, mambo ni mengine, ingawa Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika karibu wakati mmoja, tulikumbushwa jinsi uzi huo ulivyo mwembamba. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi sana hapo, mazungumzo huanza kupwaya.

Lakini hata bila kuchelewa kokote, chumba kile kimejengwa juu ya dhana moja: kwamba watu waungwana husema mmoja mmoja. Sidhani waliokibuni walikuwa na nia mbaya. Walikuwa wanafikiria wahasibu. Kwetu msikilizaji asiyesema kitu ndiye mkosa adabu. Mzee akisimulia unatia "eeh", unatia "naam", unatia "ikawaje?", na salamu zenyewe hupandana: huyu hajamaliza kuuliza habari za nyumbani, yule keshajibu njema na kuuliza za watoto. Yote hayo, kwa kifaa, ni kuingiliana. Kinayasafisha.

Kabla ya kujaribu tena nilimpigia bibi simu ya kawaida kuomba radhi. "Shikamoo bibi." "Marahaba," akasema, kisha akatulia kidogo. "Umeamka?"

Tulifanya majaribio matatu baina yetu, nusu chumbani na nusu kantini. Kuzima kichujio kulisaidia kuliko yote. Programu kadhaa zina mpangilio wa kupeleka sauti kama ilivyo, uliowekwa kwa ajili ya wanamuziki. Kwa chumba ilibidi fundi afungue kwa ruhusa, kwenye simu ya bibi binamu alifanya mwenyewe. Feni yake ilizimwa, jambo ambalo usiku wa Pemba si dogo. Simu iliegemezwa kwenye mtungi badala ya kushikwa. Tukachanga pesa za bando, maana video ya saa nzima hula data, na aibu yetu nyingine ni kwamba mara ya kwanza tulimwachia bibi gharama hiyo bila hata kuuliza.

La mwisho lilizua ubishi mrefu: nani aitike? Tulikubaliana mtu mmoja tu afungue mdomo, na asubiri bibi amalize. Wengine walisema hiyo si hadithi tena, ni usaili wa kazi. Mimi pia sikulipenda, lakini niliogopa kumuudhi mara ya pili.

Februari akatamka "Paukwa!" Mwenzetu wa mwaka wa kwanza akahesabu moja, akaitika "Pakawa!" peke yake. Bibi akatabasamu, akaisogelea simu mpaka uso wake ukajaa ukuta mzima.

"Nimemsikia mmoja," akasema. "Wengine wako wapi?"

Tukainua mikono, wote kumi na watatu, na kamera ikaanza kuhangaika.