AKIBA YA DAMU KUTOKA ANGANI

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Walisema kweli, lakini damu ya binadamu ikitoka mwilini huanza kuharibika mara moja. Basi wana kazi kubwa wale ambao akiba yao ni damu, mate na mkojo wa watu waliokwenda angani.

Msomaji asicheke. Tangu Yuri Gagarin alipoizunguka dunia mwaka 1961, watu waliopata kufanya hivyo hawajafika elfu moja. Kwa uchache huo, kila tone ni mali, maana likipotea hakuna mahali pa kulitafuta tena.

Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, mwanaanga hujitoa damu mkononi, au hutolewa na mwenzake. Kule vitu huelea, wala chembe za damu hazitulii chini zenyewe kama zifanyavyo hapa duniani. Hivyo hapana budi chupa izungushwe kwa mashine mpaka chembe na maji ya damu vitengane. Kisha huwekwa katika friza iliyopelekwa huko mwaka 2006, yenye baridi ya nyuzi 80 za sentigredi chini ya sifuri. Hukaa humo hata chombo cha kuirudisha duniani kipatikane. Tena kila chupa huandikwa ni ya nani, ya siku gani na ya saa ngapi. Bila maandishi hayo, baridi yote ile ni kazi bure.

Faida yake ni nini? Wanaanga kadhaa waliokaa angani muda mrefu walirudi macho yao yakiwa yamebadilika, na sababu haikujulikana. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walitoa habari za wanaanga 20 ambao damu yao ilichukuliwa kwa ajili ya kuchunguza lishe, si macho. Watano kati yao macho yao yalikuwa yamebadilika. Damu ya hao watano ilikuwa na homosisteini nyingi kuliko ya wenzao, nayo ni kitu ambacho mwili hukipunguza kwa msaada wa foleti na vitamini B12. Tena ilikuwa hivyo hata kabla hawajaondoka duniani! Dalili ilikuwamo chupani, ikimngojea mtu wa kuiuliza.

Hapo ndipo lilipo fundisho. Anayehifadhi hajui swali litakaloulizwa kesho. Wajibu wake ni kutunza vyema ili jibu lisipotee.

Lakini baridi peke yake haitoshi. Uaminifu nao unatakiwa. Kati ya mwaka 2015 na 2016 Scott Kelly alikaa angani siku 340, na pacha wake, Mark, akabaki duniani. Wote wawili walitoa damu yao ichunguzwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019. Mapacha hao wamerithi mamoja, na siri ya mwili wa mmoja ni siri ya ndugu yake pia. Tena wanaanga ni wachache mno hata kufuta jina juu ya chupa hakutoshi kumficha mwenyewe.

Kwa hiyo ridhaa ya mtu yapasa kutunzwa sawasawa na damu yake. Akiba iliyowekwa bila ridhaa, hiyo huoza, hata ikikaa katika baridi iliyoje.