Mwani wa Zanzibar: bei nzuri iko maji ya kina

Katika ghala la mnunuzi wa mwani, Unguja au Pemba, mizani ni moja na bei ni mbili. Mwani mwembamba, ambao wataalamu huuita spinosum, una bei yake. Mwani mnene, yaani kotonii, nao una yake, na kwa kawaida huwa mara mbili ya ile ya kwanza au zaidi. Karibu mavuno yote ya Zanzibar ni ya mwani mwembamba. Anayetaka kujua kwa nini zao lililoanza kulimwa kibiashara mwaka 1989 bado linamlipa mkulima wake kidogo, aanzie hapo.

Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino na kupandwa pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani. Nyuma yake kulikuwa na utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliufanya tangu miaka ya 1970. Wanawake ndio walioupokea mwani. Kabla yake riziki yao ilikuwa chaza, pweza na kamba za makumbi. Mwani ukawapa fedha taslimu ambazo hazikupitia mkono wa mtu mwingine, na vijiji vile vikaonyesha: sare za shule, mabati, vyombo vya ndani. Leo wakulima wanazidi 20,000, na takriban wanane kati ya kila kumi ni wanawake.

Kazi yenyewe hufuata bamvua. Maji yakitoka sana, mkulima huingia shambani na vigingi, kamba na mbegu. Kila kipande cha mbegu hufungwa kwa kikamba chake, kimoja baada ya kingine, mpaka kamba nzima ijae, kisha kamba hukazwa kati ya vigingi viwili. Baada ya wiki kama sita mwani huvunwa, ukabebwa mpaka ufukweni ukiwa bado unachuruzika maji, ukaanikwa siku mbili tatu. Kilo saba hadi kumi za mbichi zikikauka hubaki moja. Mvua ikiukuta mchangani, rangi hupauka na mnunuzi hukata bei. Na kwa miaka mingi kilo hiyo moja ya mwani mwembamba imezunguka kati ya shilingi mia chache na elfu moja. Hapo hatujahesabu mgongo, wala macho yanayowashwa na chumvi na mwanga wa jua juu ya maji.

Kinachotafutwa ndani ya mwani ni karajinani, utomvu unaogandisha na kushikanisha vitu. Umo kwenye dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya chokoleti, nyama za kopo, losheni na vidonge. Mwani mwembamba hutoa utomvu laini, ambao soko lake ni dogo. Mwani mnene hutoa ule unaoganda kwa nguvu, ambao viwanda vya nyama na maziwa vinauhitaji kwa wingi.

Kwa nini basi wakulima wasipande mwani mnene? Walipanda. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawa unakufa shamba baada ya shamba, hasa Unguja. Mashamba yapo kwenye maji mafupi ambayo wakati wa kaskazi hupata moto kupita nyuzi 30. Mwani ukichoshwa na joto, hupauka vipande vipande, bakteria huingia, na matawi hukatika yakachukuliwa na maji. Ugonjwa huo wakulima wa Asia waliuita aisi-aisi. Kuna pia jambo la mbegu. Kila msimu hukatwa kutoka mmea ule ule, kwa hiyo tunachopanda leo ni kizazi cha vipande vya Ufilipino vya zaidi ya miaka 30 iliyopita, bila damu mpya. Mwani mwembamba unastahimili zaidi, ingawa nao sasa unaathirika.

Dawa inajulikana: kuhamia maji ya kina, ambako joto halipandi sana. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani Zanzibar, amefanya kazi hiyo na vikundi vya wanawake kwa miaka, akitumia neti ndefu za mviringo ambazo mbegu hujazwa ndani badala ya kufungwa, ili wimbi lisizikate. Mwani mnene umeota humo. Lakini maji ya kina yanataka chombo, na yanataka mtu anayejua kuogelea. Wengi wa wakulima wetu hawana vyote viwili. Hofu yangu kubwa ni hii: bei nzuri ikihamia kwenye kina, na wenye ngarawa ni wanaume, zao litawaponyoka wanawake waliolilea wakati halina thamani.

Upande wa soko, Zanzibar haipangi bei. Kwa takwimu za FAO, mwaka 2019 dunia ilizalisha karibu tani milioni 36 za mwani wa kila aina, ukiwa mbichi, na zaidi ya asilimia 95 ulitoka Asia. Zanzibar ilitoa kiasi cha tani 100,000. Indonesia ikivuna sana, bei ya Paje hushuka. Juu ya hilo, wanunuzi wengi humpa mkulima kamba na mbegu kwa sharti la kuwauzia wao. Utaratibu huo ulisaidia zao kuanza, na sioni haki kuulaani wote. Lakini mkulima mwenye deni la kamba hana nafasi ya kubishana bei.

Jibu linalosikika zaidi ni kiwanda. Serikali imeuweka mwani ndani ya sera yake ya uchumi wa buluu na kuchagua Chamanangwe, Pemba, kuwa mahali pa kusarifu. Ni uamuzi mzuri, ila mahesabu yake si mepesi. Kutoa karajinani safi kunataka maji matamu mengi, umeme wa uhakika na kemikali za kutoka nje. Ningeanza na hatua ya chini: mwani mnene uliochemshwa kwenye magadi makali, ukaoshwa, ukakaushwa na kukatwa vipande. Bidhaa hiyo haihitaji mitambo mizito, na thamani yake tayari inazidi ya mwani mkavu.

Sabuni nazo zina nafasi. Kidoti, kaskazini ya Unguja, wanawake husaga mwani mkavu na kuuchanganya na mafuta ya nazi na ya karafuu, na kipande kimoja cha sabuni huuzwa kwa bei kubwa kuliko kilo ya mwani wenyewe. Lakini unga unaoingia kwenye kipande ni kidogo mno. Sabuni inaweza kuinua kikundi. Haiwezi kumaliza mavuno ya kisiwa.

Kenya, ambako Kibuyuni na vijiji jirani vya Kwale viliingia kwenye kilimo hiki baadaye sana, ina nafasi ya kutorudia njia yetu: mashamba ya kina na mikataba isiyomfunga mkulima vipangwe mapema, kabla mwani mwembamba haujawa mazoea.

Kwa Zanzibar, fedha za uchumi wa buluu ziende kwanza kwenye boti zilizosajiliwa kwa majina ya vikundi vya wanawake, mafunzo ya kuogelea na kuzamia, vichanja vya kuanikia, na kitalu cha mbegu mpya zilizochunguzwa. Kiwanda kifuate. Chamanangwe haitafanya kazi kwa faida bila mwani mnene, na mwani mnene hautapatikana mpaka mkulima afike ulipo.