Balehe Inayokuja Kabla ya Wakati

Mtoto wa miaka miwili au mitatu akiota nywele za sehemu za siri, akatoka chunusi, na kimo chake kikawapita ghafla wenzake, asisifiwe kwamba anakua haraka, apelekwe hospitali. Huenda akakutwa na hitilafu ya kurithi ya adrenali, tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Mara chache, chanzo ni uvimbe wa tezi hizo, unaomwaga androjeni, homoni za kiume, kwenye damu. Ukimwaga na homoni ya kotisoli pia, uso huviringika na shinikizo la damu hupanda. Wagonjwa wengi wa uvimbe huu hawajatimiza miaka mitano, na wasichana ni wengi kuliko wavulana.

Watakaosema ugonjwa huu ni adimu mno kushughulikiwa wana takwimu: duniani humpata takribani mtoto mmoja kati ya milioni tatu kwa mwaka. Lakini kusini mwa Brazil kiwango ni mara 10 hadi 15 ya hicho. Mwaka 2001 watafiti waliuhusisha uvimbe huo na badiliko moja la kurithi kwenye jeni ya TP53, liitwalo R337H. Jimboni Paraná walipimwa watoto wachanga zaidi ya 170,000, na takribani mmoja kati ya 370 alikuwa nalo. Wengi wenye badiliko hilo hawaugui utotoni, ila wanaofuatiliwa uvimbe wao huonekana ungali mdogo. Sipendekezi tupime jeni za kila mtoto Afrika Mashariki. Hatuna sababu ya kufanya hivyo. Ninachokishika ni faida ya kuwahi: uvimbe mdogo ukitolewa mzima, watoto takribani tisa kati ya kumi hupona, ilhali ukishasambaa, wanaopona ni wachache.

Je, hatutawatia wazazi hofu bure? Hofu hupunguzwa na uchunguzi makini. Msichana wa miaka saba mwenye vinywele tu, anayekua kwa kasi yake ya kawaida, kwa kawaida hana uvimbe. Mvulana mdogo ambaye uume umekua huku korodani zikibaki za kitoto ni habari nyingine: androjeni hizo hazitoki kwenye korodani, basi zitafutwe kwingine. Kinachohitajika mwanzoni ni kimo kilichoandikwa kila mara kwenye kadi ya kliniki, kipimo cha homoni na ultrasaundi ya tumbo. Uvimbe ukionekana, usidungwe sindano kuchukua kinyama kabla ya daktari bingwa wa upasuaji wa watoto kuuona, kwa sababu ganda lake likipasuka, seli za saratani humwagika tumboni.