Ukano wa kisigino ukikatika, upasuaji si lazima

Unacheza kandanda na wenzako Jumapili jioni. Unapochomoka kuufuata mpira, unasikia mlio na maumivu juu ya kisigino, kana kwamba umepigwa teke. Ukigeuka, huoni mtu. Huenda ukano wa kisigino umekatika.

Ukano huu, uitwao Achilles, ndio mnene zaidi mwilini. Huunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Wanaoumia zaidi ni wanaume wa miaka 30 hadi 50 wanaocheza mara mojamoja.

Kwa kuwa bado wanaweza kutembea kwa kuchechemea, wengi hudhani wameteguka tu. Hukandwa kwa maji moto, wakangoja. Usifanye hivyo. Daktari atakulaza kifudifudi na kuminya shavu la mguu. Ukano ukiwa mzima, wayo hujongea; ukikatika, kwa kawaida wayo hutulia tuli.

Tiba ni mbili. Ya kwanza ni upasuaji, ambapo ncha zilizoachana hushonwa. Ya pili ni kufungwa plasta huku vidole vikielekezwa chini, ili ncha zikaribiane na kuunganika zenyewe. Baadaye huvaliwa kiatu maalumu chenye kisigino kilichoinuliwa, ambacho hushushwa polepole. Katika tiba zote mbili, mazoezi ni ya lazima.

Je, ipi ni bora? Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2022 ulichunguza wagonjwa 526. Baada ya mwaka mmoja, nguvu za mguu na uwezo wa kutembea havikutofautiana sana. Hata hivyo, kati ya kila watu 100 wasiopasuliwa, ukano ulikatika tena kwa 6 hivi. Kwa waliopasuliwa, hawakufika hata 1. Lakini kati ya kila 100 waliopasuliwa, 3 hadi 5 waliumia mishipa ya fahamu. Kidonda pia chaweza kuingia viini, hasa kwa mvutaji sigara au mgonjwa wa kisukari.

Basi zungumza na daktari kuhusu afya na kazi yako kabla ya kuamua. La muhimu ni kufika hospitalini mapema, siku hiyohiyo au kesho yake. Majuma yakipita, ncha huzidi kuachana, plasta pekee haitoshi tena, na upasuaji wenyewe huwa mgumu zaidi. Anayewahi ndiye mwenye nafasi ya kuchagua.