Kisangani: Wanafunzi wa kushona wanajua mashine, lakini mkasi bado uko mbali

Katika mji wa Kisangani si lazima utembee mbali ili kusikia mashine ya kushona. Kuanzia Makiso hadi Mangobo, kutoka Kabondo hadi ng'ambo ya mto huko Lubunga, mafundi huweka mashine barazani, chini ya bati au mwavuli, na pembeni yao mara nyingi utakuta mwanafunzi mmoja au wawili. Vijana hao huzoea kukanyaga mashine kwa muda mfupi. Lakini wengi wao, baada ya mwaka mzima au zaidi, bado wanaweka vifungo na kukunja upindo, na kila kazi ya maana inarudi mikononi mwa mwenye atelie.

Kinachowazuia ni mkasi. Mshono mbaya unafumuliwa na kurudiwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Mwenye atelie anajua kwamba kosa la mwanafunzi atalilipa yeye, kwa hiyo hampi kitambaa cha mteja akate. Na mwanafunzi asiyekata hajifunzi kukata.

Mwandishi wa habari hii aliionja shida hiyo mwenyewe. Kwa ndoa ya ndugu yetu, familia ilichagua kikwembe kimoja, na mimi nikapeleka sehemu yangu kwa fundi wa mtaani ili anishonee shati. Mishono ilinyooka, vifungo vilikaa sawa. Lakini siku ya sherehe, nilipoinua mkono kumsalimia mjomba, shati lote lilipanda hadi tumboni. Tundu la mkono lilikuwa limekatwa chini mno. Fundi aliomba radhi, ila kitambaa kilikuwa kimekwisha, na rangi ile haikuwepo tena sokoni.

Mwanzo: karatasi bila uzi

Mashine inayopatikana zaidi mitaani ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Umeme ukikatika, na hapa Kisangani jambo hilo si geni, kazi inaendelea, na pasi ya makaa inafanya kazi yake. Kwa anayeanza, mashine ya miguu ni mwalimu mzuri, kwa sababu mwendo wake unategemea mguu wake mwenyewe.

Zoezi la kwanza halihitaji hata uzi. Mwanafunzi huchora mistari kwenye karatasi, kisha hupitisha sindano juu yake: kwanza mistari iliyonyooka, kisha pembe, mwisho miduara. Kwenye pembe, sindano hubaki chini ndani ya karatasi, mguu wa mashine huinuliwa, karatasi hugeuzwa. Mashimo yakifuata mstari bila kuyumba, ndipo anapewa kitambaa. Hapo hujifunza kusawazisha uzi wa juu na ule wa bobini, kumalizia kingo ili zisifumuke, na kupiga pasi kila mshono kabla ya kuuvuka na mwingine. Wengi hulipuuza jambo hili la mwisho. Mshono usiopigwa pasi mapema huonekana umevimba hata nguo ikikamilika.

Sare ya shule: darasa lenye mtego

Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufunguliwa mwezi wa tisa, ateliezi hujaa kitambaa cha bulu na cheupe. Tangu mwaka 2019 serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, familia bado zinabeba gharama ya sare, na mafundi bado wanaisubiri kazi hiyo.

Kwa mwanafunzi, sare ni darasa zuri. Modeli ni ileile, kitambaa si cha bei kali, na shati la mtoto lina karibu kila kitu: kola, mikono, mfuko, matundu ya vifungo. Tena mkono wa shati hilo huungwa nguo ikiwa bado wazi, kabla ya kufunga ubavu, na hiyo ni rahisi kuliko mkono wa gauni au koti.

Mtego wake ni mgawanyo wa kazi. Ili kwenda haraka, mwenye atelie hukata mashati mengi kwa pamoja, mmoja anashona kola, mwingine mifuko, mwingine vifungo. Msimu ukiisha, aliyeshona mifuko anajua mifuko tu. Mwanafunzi mwenye akili huomba jambo moja: katika kila rundo, ashone shati moja peke yake, mwanzo hadi mwisho.

Kukata kunaanzia kwenye daftari

Mwili wa mtu ni wa mviringo, kitambaa ni bapa, na kati ya hivyo viwili kuna hesabu. Chukua mama ambaye kifua chake kinapima sentimita 92. Ukikata kitambaa cha 92 kamili, hataweza kupumua. Kwa blauzi ya kikwembe, kitambaa kisichovutika, fundi anaweza kuongeza sentimita 6 za nafasi: inakuwa 98. Akigawanya kwa nne anapata 24 na nusu kwa kila robo ya mwili. Halafu anaongeza sentimita 1 na nusu ya mshono: 26. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu, kwani mbele na nyuma havifanani, na kila kifua, kila mgongo, una umbo lake.

Hesabu hiyo huchorwa kwanza kwenye karatasi, ndiyo patroni. Karatasi si lazima iwe ya dukani. Mifuko ya simenti iliyofunguliwa na kupanguswa inatosha, na ni migumu kiasi cha kutumika mara nyingi. Patroni iliyokaa vizuri huandikwa vipimo vyake na kutunzwa, maana ndiyo mali ya fundi.

Baada ya karatasi, ije shuka la zamani. Hapa ndipo panapofunguka ule mlango uliofungwa na hofu ya kuharibu. Shuka moja lililochakaa linatoa blauzi mbili au tatu za majaribio. Mwanafunzi anakata mwenyewe, anaunga kwa mishono mirefu, anamvisha mtu, anatazama. Mikunjo inayovutika kuelekea kifuani inaonyesha kwamba hapo panabana. Nguo ikipanda mkono unapoinuliwa, tundu la mkono liko chini mno. Fundi wa shati langu angeliona kosa hilo kwa shuka kuukuu, nami ningekwenda harusini bila aibu.

Kikwembe nacho kina sheria zake. Yadi 6, yaani karibu mita 5 na nusu, zinaonekana nyingi hadi unapokuta ndege wakubwa wanaotazama upande mmoja. Ukigeuza patroni ili kuokoa kitambaa, mteja atavaa ndege walio kichwa chini. Fundi hutandika kitambaa chote mezani kwanza, huchagua ua gani likae katikati ya kifua, huhakikisha patroni inafuata uzi wa urefu, ndipo anashika mkasi. Na kama kitambaa ni cha pamba, hulowekwa na kupigwa pasi kabla, kisije kikajikunja baadaye kwa mteja.

Mkono, kola, kisha koti

Kutoka hapo, ngazi ina mpangilio. Sketi ya lastiki huja kabla ya sketi yenye zipu. Zipu huja pamoja na pensi, ile mikunjo midogo inayofuata kiuno. Baadaye libaya yenye mkono wa kuingizwa, kisha gauni lenye kitambaa cha ndani, mwisho koti.

Mkono wa kuingizwa ndio unaowakwamisha wengi. Sehemu yake ya juu, ikipimwa kwa kufuata mzunguko, mara nyingi huzidi tundu kwa sentimita 2 au 3, ili bega lipate nafasi. Ziada hiyo haikatwi. Husambazwa kwa nyuzi mbili za mshono mrefu zinazovutwa polepole, mpaka mkono uingie bila kukunjamana. Kikwembe kilichofumwa kwa kubana huvumilia ziada ndogo zaidi.

Kola inafundisha uvumilivu wa namna nyingine: kipande cha chini hukatwa kidogo zaidi kuliko cha juu, milimita chache tu, ili mshono ujifiche. Wazee wa kazi hii wanalijua hilo tangu enzi za Zaire, wakati abakosti ilipochukua nafasi ya suti na tai, hadi Mobutu aliporuhusu tai tena tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1990. Vazi hilo halikuwa na tai ya kuficha kosa. Kola ikipinda, kila mtu aliona.

Swali la kuuliza kabla ya kulipa

Anayetaka kujifunza leo ana njia kadhaa: shule za ufundi zenye chaguo la kukata na kushona, ambalo linafikia mtihani wa serikali, vituo vya mafunzo, au kukaa kwa fundi mtaani. Kwa familia zilizokimbilia Kisangani kwa sababu ya mapigano kati ya jamii za Mbole na Lengola, yaliyoanza mwaka 2023, kazi hii ina faida moja zaidi: shamba linaachwa nyuma, lakini ujuzi wa mikono unakwenda na mtu.

Popote mzazi atakapompeleka mtoto, kabla ya kutoa franga amuulize mwalimu: mwanangu atakata nguo nzima peke yake mwezi wa ngapi, na kwa kitambaa gani? Mwalimu asiye na jibu anatafuta msaidizi wa kuweka vifungo. Akijibu kwamba kila juma watakata kwenye karatasi na mashuka ya zamani, mama achukue daftari, futi ya kupimia na shuka moja kuukuu, aanze kumwandaa mtoto.